Mwana wa Radi, wa Buyenzi

Kwa miaka yote ya vita, redioni kwetu Bujumbura, mpira ulitangazwa bila kutajwa jina halisi la mchezaji hata mmoja. Hakuna aliyeshambulia, hakuna aliyepiga kombora, hakuna timu iliyokuwa na ngome. Mabao yalifungwa, kadi zilitoka, watu walicheka na kulia, lakini msikilizaji wa Uvira au Kigoma aliyetukamata kwa bahati angeweza kudhani anasikiliza habari za vyombo vya nyumbani: Paka amempa Tofali, Tofali kwa Sindano, Sindano anamtafuta Kijiko.

Nimestaafu juzi tu. Vijana wa dawati la michezo wameniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi, maana wamesikia mengi na hawajui waamini lipi. Nitaandika kwa mpangilio. Vyeo vyangu viko ofisini kwenye faili, na anayevihitaji akalisome.

Nilianza nikiwa fundi redio katika duka la Bwana Nassor, kule Asiatique, mtaa wa maduka. Babu yake Bwana Nassor alitoka Omani, yeye mwenyewe alizaliwa mjini hapa, na moyo wake ulikuwa Buyenzi, kwenye klabu ya Radi. Radi ilianzishwa na mafundi gari na mafundi cherehani wa mtaa wetu, na rangi yake ya manjano ilichaguliwa kwa sababu kitambaa cha manjano kilikuwa kimekosa wanunuzi. Mimi ni wa Radi. Naliweka wazi sasa, kama nilivyoliweka wazi kila Jumamosi redioni. Mtangazaji anayesema hana timu ama hapendi mpira, ama anawadanganya wasikilizaji, na sijui lipi ni baya zaidi.

Siku moja aliingia dukani Mzee Shabani, mtangazaji wa mpira ambaye mji mzima uliijua sauti yake na wachache tu waliijua sura. Alikuwa mfupi, amevaa kofia ya kufuma, kashika kipaza sauti kama mtu aliyeshika ndege aliyeumia.

"We fundi," akasema, "hii mikro inakohoa kuliko mi."

"Iache, Mzee. Kesho jioni itakuwa tayari."

"Kesho iko mechi. Ao unaitengeneza leo, ao kesho unakuja kuishika weye mwenyewe, ikikohoa unaipiga mugongo."

Niliitengeneza siku ile ile, na kesho yake nikaenda vilevile. Ndivyo nilivyoajiriwa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushika waya uliotoka kwenye meza yetu mpaka kwenye simu ya uwanja, kwa sababu watu walikuwa wakiukanyaga, na ulipokanyagwa, Burundi nzima ilinyamaziwa. Mvua ilinyesha kipindi cha pili. Nilivua shati nikaufunika waya. Mzee Shabani aliona, na Jumamosi iliyofuata aliniletea koti lake la zamani.

Kwake nilijifunza mambo ambayo hadi leo nawarudishia vijana. Taja matokeo kila mara, kwa sababu daima yuko mtu aliyeingia nyumbani sasa hivi. Bao likifungwa, nyamaza kwanza. Acha uwanja useme, kisha useme wewe. Na daima eleza upande. Uwanja wetu mkubwa una goli la upande wa ziwa na goli la upande wa milima, na kipofu wa Buyenzi aliyekaa na redio yake barazani aliweza kugeuza kichwa kufuata mpira, ziwani, milimani, ziwani.

Mzee Shabani alikuwa na desturi moja iliyopendwa kuliko zote. Mchezaji mpya, siku ya mechi yake ya kwanza, alipewa jina la uwanjani, papo hapo hewani. Mchezaji hakuulizwa. Alisubiriwa afanye jambo moja, zuri au baya, na jina likatoka. Yuko aliyeteleza mara tatu akaitwa Sabuni, na hata alipooa, kwenye kadi za harusi wakaandika Sabuni. Watu walikwenda uwanjani na redio ndogo za betri, wakazitega masikioni huku wanatazama, ili tu wasikose ubatizo.

Hivyo ndivyo Paka alivyopata jina. Alitoka Kinama, kaskazini ya mji, akija mazoezini kwa miguu na viatu mfukoni ili visiishe njiani. Baba yake alikuwa amekufa zamani. Alikuwa na mama tu. Kwa golikipa alikuwa mfupi, na siku ya kwanza mashabiki wetu wenyewe walimzomea. Kisha mshambuliaji mmoja akapiga mpira wa karibu sana, uwanja ukasimama kusherehekea, na tulipoangalia, mpira ulikuwa kifuani mwake, naye amesimama wima vilevile kana kwamba ameletewa.

"Hajaruka," akasema Mzee Shabani hewani. "Hajaruka, ndugu zangu. Mpira umemufuata yeye. Huyu ni Paka."

Nimewaona makipa wengi tangu siku ile, pamoja na hao wa Ulaya ambao vijana wananionyesha kwenye simu zao. Sijaona aliyempita. Kipa anayeruka sana ni kipa aliyesimama mahali pabaya. Picha zake hupendeza, lakini mimi nataka kipa ambaye mpiga picha anarudi nyumbani bila kitu. Paka alijua mpira unakwenda wapi mapema kuliko aliyeupiga.

Mbele yake alisimama Tofali, beki wa kati, kutoka Ngagara, kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa serikali zenye kartie, yaani vitongoji, za namba. Baba yake alikuwa karani. Tofali alikuwa mrefu, mpole, na mzito kupita kiasi; nadhani miaka yote sikumwona akikimbia kwa dhati. Hakuhitaji. Paka alimwambia kwa kidole tu, huku, kule, na Tofali akasogea hatua moja, na hatua ile ilitosha. Wakosoaji walisema Tofali ni mzito. Mimi nilisema redioni, na narudia, kwamba ukuta pia ni mzito.

Kisha vita vikaja. Waliokuwapo hawahitaji kuelezwa, na wasiokuwapo nitawaeleza kwa kifupi: katika mji wetu wakati ule, jina lako, jina la baba yako na mtaa wako viliweza kumwambia mtu wewe ni wa upande gani, na watu waliuawa kwa hilo. Kinama ikabaki na watu wa upande mmoja, Ngagara ikabaki na wa upande wa pili, na barabara iliyo katikati ikawa ndefu kuliko ya kwenda Kigoma. Buyenzi, mtaa wetu wa Waswahili, ulibaki ukiwapokea wote, si kwa ushujaa mkubwa sana, bali kwa sababu kila nyumba ilishachanganyika na haikujulikana ungeanza kumfukuza nani.

Ligi ilisimama, kisha ikarudi ikichechemea. Paka na Tofali wote wawili hawakuweza tena kutoka makwao na kurudi. Bwana Nassor aliwapa chumba kimoja nyuma ya gereji moja ya Buyenzi, kitanda huku na kitanda huku. Vijana hawa, mmoja wa Kinama na mmoja wa Ngagara, waliishi humo kwa miaka, wakigombana juu ya nani kamaliza mafuta ya taa.

Mama yake Paka alibaki Kinama. Hilo ndilo lililokuwa jambo zito, na wachache wetu tulilijua. Kama majirani zake wangejua kwamba mwanawe anacheza mjini bega kwa bega na kijana wa Ngagara, wangemwita msaliti, na waliokuwa wakiitwa hivyo hawakukaa sana. Na kama mjini wangejua hasa Paka ni mtoto wa nani, asingefika uwanjani. Kwa hiyo jina la Paka halikutakiwa kujulikana na mtu yeyote, na wakati huohuo mama yake alitaka kujua kama yu hai.

Yuko mama mmoja aliyekuwa akipita na mboga zake mitaa yote, maana hata vitani watu hula lengalenga. Alikuja siku moja kwenye lango la redio, akamwomba Mzee Shabani asogee kando.

"Mama ya ule mutoto ananituma," akasema. "Anasema, yule muzee wa redio aseme Paka. Akisikia Paka, yeye analala."

"Iko redio?"

"Iko ya jirani. Anaenda kusaidia kusonga ugali, anasikiliza."

Tangu wiki ile, wasikilizaji makini waliona jambo la ajabu. Mpira uko kwenye goli la upande wa pili kabisa, na Mzee Shabani anasema: na kule nyuma, Paka amesimama. Mpira umetoka nje: Paka anafunga kamba za kiatu. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshakuwa sauti ya pili, na nilidhani mzee ameanza kuchoka. Wakati wa mapumziko nikamwambia kwa heshima.

"Mzee, Paka hafanyi kitu kule, lakini tunamtaja kila saa."

"Njo maana, Idi. Kama hafanyi kitu, iko salama. Hiyo ni habari."

Kisha akanieleza yale ya mama wa mboga, akaniambia nikishika kipaza nami nifanye hivyohivyo.

Kwa hiyo lile lililokuwa mchezo likawa kanuni. Hakuna jina la kuzaliwa, la mchezaji yeyote, wa timu yoyote, kwa sababu ukimficha mmoja peke yake umemwonyesha. Hata leseni za wachezaji hazikuwa na msaada kwa mpelelezi. Ninyi mliozaliwa kwenye kompyuta hamjui hili: zamani mchezaji akihama, leseni yake ilibaki klabuni, na mgeni akacheza nayo kwa jina la mwenzake. Paka alicheza miaka yote kwa leseni ya kipa mmoja aliyehamia ng'ambo ya ziwa, ambaye nasikia alikuwa mwashi mzuri.

Maneno nayo tukayachuja. Ilianza kwa askari mmoja wa lango la uwanja, aliyetujia baada ya mechi akiwa na sura ya kazi.

"Nyiye watu wa redio. Mumesema wanashambulia kutoka milimani."

"Tulisema Radi," akajibu Mzee Shabani.

"Ego, ni kweli, lakini nyumbani bibi yangu ameingia chini ya kitanda na watoto wetu. Mpaka sasa anakataa kutoka."

Tulicheka wote, na yeye pia alicheka, lakini Mzee Shabani alikwenda nyumbani akalifikiria jambo lile. Kuanzia hapo mshambuliaji akawa mtu wa mbele, kombora likawa mpira wa nguvu, na upande wa milima ukaitwa upande wa saa, kwa sababu kulikuwa na saa mbovu pale. Nawaambia kweli, utangazaji wetu uliboreka. Ukinyang'anywa maneno ya vita inakubidi utazame mchezo wenyewe: mguu umepinda vipi, nani kaangalia wapi. Nikiwasikia vijana wa sasa wakirusha mabomu hewani kila dakika, nawaelewa, wamekulia wakati mwingine. Lakini najua pia kwamba hawautazami mpira.

Wanasiasa walikuja uwanjani, wa pande zote. Maoni yangu ni kwamba walipenda jukwaa kuliko mechi. Wengi waliondoka wakati wa mapumziko, baada ya kupigiwa makofi. Namkumbuka mmoja tu aliyebaki mpaka mwisho, na huyo alikuwa amesinzia.

Siku ya fainali ya kombe, Radi dhidi ya timu ya bandarini iliyoitwa Mawimbi, alikuja mezani kwetu bwana mmoja wa suti ya kaunda. Alijitambulisha kwa cheo kirefu ambacho sikukielewa wakati ule na sikukielewa baadaye. Alisema mchana ule orodha ya wachezaji isomwe kamili: jina, jina la baba, mtaa.

"Wasikilizaji wana haki ya kujua nani anawachezea," akasema.

Mzee Shabani akavua kofia. "Sawa, mukubwa. Jina, baba, mutaa."

"Nitasimama hapa nisikie."

"Karibu. Idi, mupe mukubwa kiti."

Nilimpa kiti changu. Uwanjani Paka alikuwa akipasha mwili upande wa saa, hajui kitu. Nilijua kwamba kule Kinama, jikoni kwa jirani, mama mmoja amejipa kazi ya kusonga ugali. Mzee Shabani akavuta kipaza karibu.

"Ndugu wasikilizaji, leo tumeombwa tuwaeleze vizuri wachezaji wetu, jina, baba na mutaa. Namba moja: Paka, mwana wa Radi, wa Buyenzi."

Akapitisha kidole kwenye karatasi, kama anayetafuta mstari.

"Namba mbili: Kijiko, mwana wa Radi, wa Buyenzi. Namba tatu: Sabuni, mwana wa Radi, wa Buyenzi."

Kwenye jukwaa la jua, wale wenye redio masikioni walianza kuelewa. Kufikia Tofali, namba tano, sauti kama mia hivi zilimalizia pamoja naye: wa Buyenzi. Kufikia namba kumi na moja ulikuwa uwanja mzima, hata wasio na redio. Kisha akageukia Mawimbi, wote wana wa Mawimbi, wote wa bandarini, na mashabiki wao hawakutaka kushindwa, wakaitikia kwa ngoma. Alipomaliza, bwana wa kaunda alikuwa bado amekaa kwenye kiti changu.

"Na mwamuzi?" akauliza, kwa sauti ambayo sikuweza kuipima.

Mzee Shabani akarudi kwenye kipaza. "Mwamuzi wetu leo, mwana wa Filimbi. Mutaa wake hatuusemi, mashabiki wanaweza kumutembelea."

Yule bwana alitazama uwanja unaocheka. Alikaa dakika chache, akarekebisha mkanda, akaondoka bila kuaga. Hakurudi. Sijui mpaka leo kama aliona aibu, au alikuwa na mechi nyingine.

Fainali yenyewe ilikuwa bora kuliko zote nilizotangaza. Mawimbi walitujia kama watu waliochelewa gari. Paka alizuia mipira ambayo nikiisimulia sasa naonekana mwongo, na kila mara alikuwa amesimama. Bila bila. Muda wa nyongeza haukuwepo, penati hazikuwepo. Kuvrefe ilikuwa inakaribia, na watu walihitaji kuvuka mji kabla ya amri ya kutotembea kuanza. Kombe likaamuliwa kwa sarafu. Nahodha wetu Tofali, ambaye kwa dakika tisini hakukosea hata hatua moja, alichagua upande usiotokea. Paka alikwenda kumchukua katikati ya uwanja.

"We Tofali," akamwambia, nasi tulikuwa karibu tukasikia, "hata sarafu inakupita kwa mbio."

Baadaye mwaka ule Kinama ilipigwa, watu wake wakakimbia. Mtaa ukabaki mtupu. Mama wa mboga alipita redioni kusema hajui mama yake Paka amekwenda wapi. Jirani mwenye redio naye hayupo. Mzee Shabani aliendelea kumtaja Paka wiki mbili, kwa mazoea au kwa matumaini. Kisha Paka alikuja mwenyewe mazoezini, akasema anakwenda kumtafuta mama yake, akaondoka asubuhi na mkoba mdogo. Tofali alimsindikiza mpaka mwisho wa Buyenzi.

Hakurudi. Radi ilipata makipa wengine, warukaji. Mzee Shabani alikufa kwa ugonjwa wa sukari kabla vita havijaisha, na Bwana Nassor naye akafuata.

Amani ilipoanza kurudi, redio yetu ilikuwa na kipindi cha kutafuta waliopotea. Tofali alikuja, sasa ana mvi kidogo na anafundisha mabeki wa mtaa. Nilimpeleka mwenyewe kwa dada Spes aliyekisimamia kipindi. Spes alichukua kalamu.

"Jina lake kamili?"

"Paka."

"La kuzaliwa, kaka."

Tofali akanitazama mimi. Mimi nikamtazama yeye.

"Jina ya baba yake? Kilima, kijiji wanapotoka?"

"Tulilala naye chumba kimoja," Tofali akasema taratibu. "Tulipatana tusiulizane. Ukiwa haujui, hata wakikupiga hausemi."

Aliyejua alikuwa Mzee Shabani, labda na Bwana Nassor. Klabuni kulikuwa na leseni ya yule mwashi. Spes, Mungu ambariki, alisoma tangazo hivyohivyo: anatafutwa Paka, golikipa wa Radi, aliyekuwa akikaa Kinama, anatafutwa na Tofali, yuko Buyenzi.

Majibu yalikuja. Ilibainika kwamba karibu kila timu katika maziwa makuu ina kipa aitwaye Paka. Wengi niliwaondoa kwa urefu. Likabaki jibu moja, la dereva wa lori aliyekuwa akipeleka mahindi kwenye kambi ya wakimbizi ng'ambo, Tanzania. Alisema kambini yuko mtu mfupi anayefundisha watoto kudaka, wanamwita Paka, anaishi na mama mzee. Dereva alimuuliza kama anamjua Tofali wa Radi.

"Akasema nini?" Tofali akauliza.

"Akasema hamujui. Akasema hajakaa Bujumbura hata siku moja."

Mimi nilivunjika moyo. Tofali alikuwa anatabasamu.

"Njo yeye, Idi."

"Kasema hakujui."

"Njo tulivyopatana. Mutu usiyemujua akikuuliza juu yangu, unasema simujui. Na mi vilevile."

Basi tuliandaa safari nyingine. Dereva alipewa salamu ambayo Tofali alisema mtu mwingine asingeielewa, juu ya mafuta ya taa. Alipofika, kambi ilikuwa imefungwa. Watu walikuwa wamerudishwa Burundi kwa malori, kila familia kwenye kilima chake, wakiitwa mmoja mmoja kwa jina la baba.

Tofali amekwenda mikoa kadhaa kuuliza. Wiki iliyopita alikuwa Makamba. Anafika kwenye uwanja wa kijiji, anatazama golikipa anasimama wapi, kisha anauliza nani alimfundisha.